Kutoka Moshi hadi Taveta na Kipande cha Mkulo

Niliondoka Moshi saa moja asubuhi kwa basi dogo la Holili, mkobani nikiwa na kipande cha mbao ya mkulo, mti wa asili wa misitu ya Kilimanjaro, kilichotoka kwenye mlango wa nyumba ya zamani huko Marangu. Mteja wangu alitaka mlango mwingine unaofanana nao, nami nilitaka ushauri wa fundi seremala mzee wa Taveta, ng’ambo ya mpaka nchini Kenya, aliyefanya kazi hii kabla sijazaliwa.

Himo tulisimama nyuma ya lori la mbao za mninga. Kwenye vichwa vya mbao ilionekana alama ya nyundo ya maofisa wa misitu, na dereva alikuwa ameshika vibali vyake mkononi, kwa kuwa nchini kwetu mazao ya misitu husafirishwa kwa kibali. Holili, mpakani upande wa Tanzania, tulipita bila kukawia, kwani siku hizi anayeingia Kenya hugongewa mihuri ya nchi zote mbili upande wa Taveta.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Hebu niione hiyo mbao.”

Aliipiga randa mara mbili. Chini ya uso uliokuwa mweusi kwa moshi na miaka ikatokea rangi ya hudhurungi, na harufu ya kafuri ikaenea karakana nzima. “Huu ni mseri wa mlimani,” alisema, akiuita mkulo kwa jina la Wachaga. Akanieleza kwamba zamani mbao za namna hii hazikuwa na ugeni wowote Taveta, lakini mpaka ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, wao waligeukia mbao za podo kutoka bara ya Kenya hadi ulipofunguliwa tena mwaka 1983. Katika miaka hiyo hiyo ya 1980 Kenya ilikataza ukataji wa miti ya asili katika misitu ya serikali, nayo Tanzania ikaukataza mlimani Kilimanjaro, na mwaka 2005 msitu wa Kilimanjaro ukaingizwa ndani ya hifadhi ya taifa.

Kisha akanipeleka uani, akafunua turubai. Chini yake palikuwa na mbao za mkangazi kutoka Kongo, zilizopita Uganda na kuingia Kenya kwa Busia. Nilisimama pale kwa muda, kwa sababu mlima wenye mikulo ulikuwa unaonekana juu ya paa la karakana, na mbao zilizokuwa miguuni pangu zilikuwa zimevuka mipaka miwili. Kenya iliposimamisha ukataji katika misitu ya umma na ya jamii mwezi Februari 2018, milango na vitanda viliendelea kuhitajika, na shoka likahamia kwa jirani. Azimio la Zanzibar la mwaka 2015, lililotiwa saini na Kenya, Madagaska, Msumbiji, Tanzania na Uganda, lililenga biashara haramu ya mbao, na ninaliunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo, naamini kila nchi ingali inahesabu miti yake bila kuhesabu mbao inazoagiza kwa wenzake.

Mzee alinirudishia kipande changu. “Kihambani kwa mteja wako, shambani pale nyumbani, hakuna mgrevilea uliokomaa, ule mti wa kupandwa, tuupasue mbao?”

Jioni, nikiwa Himo nasubiri gari, nilimpigia mteja simu. Alisema ipo mitatu, kando ya migomba.