Gitaa Lililopunguzwa Shingo

Mwaka 2011, katika soko la Kongowea, Mombasa, nilinunua kwa shilingi 700 gitaa lililokwisha kuchoka: rangi imebabuka, vigingi viwili havizunguki na shingo imeanza kupinda. Sikulitaka kwa nyuzi zake sita. Vidole vyangu vilifunzwa na mandolini ya mjomba, ambayo kila jozi ya nyuzi imepishana na jirani yake kwa nusu-hatua saba za sauti, na kila niliposhika gitaa la kawaida vilikwenda kusiko. Nilikuwa nimesoma kwamba huko Marekani, katika miaka ya 1920, wapigaji wa banjo ya nyuzi nne walitengenezewa gitaa la "tena" (tenor), la nyuzi nne zinazokazwa kwa sauti za C, G, D na A, zilizopishana kama za mandolini, ili wahamie kwenye gitaa bila kujifunza upya. Nikajiaminisha kwamba kazi yote ilikuwa kung'oa nyuzi mbili.

Katika seti mpya nilichagua uzi wa kwanza, wa pili, wa nne na wa tano, nikaweka kando ule wa tatu na ule mnene kuliko zote. C, G na D zilikubali. Uzi wa A, ule mwembamba kuliko zote, niliukaza polepole huku nimegeuza uso pembeni. Ulipita G, ukatoa mlio mwembamba wa kukwaruza meno, kisha ukakatika na kunichapa kiganja. Nikaulaumu unene wake. Nikarudi dukani kutafuta mwembamba zaidi, nao ukakatika karibu na sauti ileile.

Ilinichukua siku mbili kuelewa jambo ambalo fizikia ya shuleni ingetosha kunieleza. Uzi mwembamba huhitaji mvuto mdogo kuifikia sauti fulani, lakini nguvu yake ya kustahimili mvuto hupungua kwa kiasi kilekile, kwa hiyo unene hauokoi kitu. Kinachoamua ni urefu. Nilipopima, uzi wangu ulikuwa sentimita 65 kutoka kichwani hadi kwenye daraja, ilhali gitaa la tena huwa na sentimita 58 hivi. Nikachukua penseli, nikailaza juu ya chuma cha pili kati ya vile vyembamba vinavyokatiza shingo na kuifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Urefu uliobaki ulikuwa sentimita 58 kasoro kidogo. Safari hii A ilifika, ikatulia.

Penseli, hata hivyo, haikuwa kitu cha kuonyesha watu. Nilichemsha kipande cha mfupa wa mguu wa ng'ombe, nikakianika, nikakisugua kwa tupa na msasa mpaka kikang'aa, kisha nikakikwangua mifereji minne kwa msumeno wa chuma. Kile chuma cha pili nilikipasha moto kwa pasi ya kulehemu, nikaking'oa kwa koleo, na mfupa ukakaa mahali pake. Vigingi vibovu nilivitoa kabisa. Kwa kuwa nyuzi nne hazivuti kama sita, shingo nayo ilianza kujirudi, faida ambayo sikuwa nimeipigia hesabu.

Jioni nilimpelekea mjomba Mji wa Kale. Hakupiga kwanza, alipitisha kidole gumba juu ya nukta za shingoni akizihesabu upya kuanzia kwenye mfupa. Gitaa huwa na nukta kwenye chuma cha 3, 5, 7, 9 na 12. Kwa kuwa viwili vya juu vilikuwa vimetoka katika hesabu, sasa zilisomeka 1, 3, 5, 7 na 10.

"Mjomba," akaniambia, kwa maana naye huniita hivyo, "mbona umeweka nukta za mandolini?"

Sikuwa nimeweka chochote. Tulicheka, kisha akamwomba mkewe rangi ya kucha, akaifuta ile nukta ya kwanza kwa kuipaka nyeusi, na kwenye chuma cha 12 akatia mbili nyekundu.