Filamu ya mwani, kwa saa za bahari

Nilianza kazi hii kwa sababu wanaume hawaruhusiwi kuingia. Katika harusi zetu za Unguja, siku ya wanawake, mpiga video lazima awe mwanamke, na mwaka 2003 tulikuwa wachache mjini tuliojua hata kuweka kaseti kwenye kamera. Bibi harusi amechelewa, taarabu imeanza, mama mtu analia pembeni, na huwezi kumwambia mtu rudia. Nikiulizwa filamu nimesomea wapi, hujibu: ukumbini, mtaa wa Ng'ambo, hapa hapa mjini.

Baadaye nikapata kazi kwenye kituo kimoja cha televisheni. Miaka mitatu ya kubeba stendi na kupiga viongozi wakikata utepe. Sina mengi ya kusema hapo, ila nilijifunza kuhariri haraka. (Na sisi Wazanzibari hatuachi kukumbusha: televisheni ya rangi tunayo tokea mwanzo wa miaka ya 1970. Bara wamengoja hadi miaka ya 1990.)

Filamu yangu mwenyewe niliianza 2009, kijiji kimoja cha kusini, jirani na Makunduchi, kuhusu wanawake wa mwani. Kilimo hicho kilianza pwani ya mashariki mwaka 1989, kwa mbegu ya Ufilipino, na nilidhani naelewa kila kitu. Nilipiga hodi kwa sheha, nikapelekwa kwa bibi mmoja mkubwa wa kikundi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaitazama kamera.

"Mwanangu, wageni wametupiga picha tokea mwani ulipoanza. Hatujaiona hata moja."

Nikamwahidi hii wataiona wao kwanza, kabla ya mtu yeyote.

Ratiba yangu ya siku kumi mfululizo ilikufa wiki ya kwanza. Mashamba ya mwani hufikika vizuri wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, siku nne au tano basi. Maji yakiwa mafu, hayatoki vya kutosha, nawe unakaa barazani unakunja nyaya. Isitoshe, kwetu maji ya bamvua hupwa kama saa nne asubuhi, na kila siku husogea mbele karibu saa nzima. Yaani bahari inakufungulia mlango wakati ule ule ambao mpiga picha yeyote angependa kuwa kivulini. Jua la utosini, mchanga mweupe, na nyuso chini ya mitandio nyeusi tititi kwenye kioo cha kamera.

Nilihangaika bamvua mbili. Ya tatu nikaona kitu: wakiinama kufunga mwani kambani, maji yenyewe huwarudishia mwanga usoni. Basi nikapiga magoti majini, kamera ndani ya mfuko wa nailoni, nikapiga kutoka chini kwenda juu. Picha zote nzuri za filamu ile zimetoka magotini. Kamera chumvi ikaila mwaka uliofuata, lakini hayo ni mengine.

Lugha nayo. Wenyewe kwa wenyewe wanazungumza Kikae, lahaja ya Makunduchi, maneno yanaruka. Taa nyekundu ya kamera ikiwaka tu, wote wanahamia Kiswahili cha mjini, kizito, kama wanasoma risala. Nikaiziba taa kwa plasta, nikanyamaza, nikamwomba mjukuu wa bibi ndiye aulize maswali. Hapo ndipo nikawapata. Ikabidi niandike tafsiri ya Kiswahili chini ya picha, na mhariri mmoja akanicheka: Waswahili mnatafsiriana wenyewe!

Disemba 2009 nikakaa kuhariri, na umeme ukakatika Unguja nzima. Kebo ya chini ya bahari iliharibika na haikutengemaa hadi Machi 2010. Miezi mitatu. Kaseti ya saa moja huchukua saa nzima kuingia kwenye kompyuta, nami nilikuwa nazo thelathini na nane. Nikakodi jenereta kwa zamu na fundi cherehani jirani: yeye mchana, mimi usiku. Sauti ya msimuliaji nilirekodi alfajiri, jenereta limezimwa, kwa betri, chini ya blanketi.

Nilitimiza ahadi kwa jenereta lile lile. Shuka jeupe likatundikwa ukutani skuli, watoto mbele, wanawake nyuma. Walicheka kila mtu alipotokea. Kisha katikati kelele zikabadilika. Msimuliaji alikuwa anaeleza kwa huzuni kwamba kottonii, mwani wenye bei nzuri, unakufa kwa maji kuwa moto. Maneno yalikuwa ya kweli. Picha ilionesha spinosamu, mwani wa aina nyingine.

"Huo mbona mzima!" Bibi akasimama mbele ya shuka, kivuli chake kikafunika nusu ya picha, akaonesha kwa kidole: huu una vijitawi vidogo vidogo kama miiba, kottonii ni mnene na laini. Niliupiga miezi mitano, na sikuwa nimeuona.

Nikarudi bamvua iliyofuata. Bibi akanipeleka hadi mwisho wa shamba, kwenye kamba tupu zilizobaki na vipande vyeupe vilivyooza, mahali ambapo sikuwahi kufika kwa sababu palikuwa mbali na hapakuwa na watu wa kupiga. Dakika mbili zile ndizo kila mtu hunitajia akiitazama filamu.

Tokea hapo kila bajeti yangu ina mstari wa "shuka na jenereta". Wafadhili huuliza ni ya nini. Huwaandikia: uhakiki.