Bei ya Mwani Haikutajwa

Jana usiku nilikuwa Ngome Kongwe, hapa Zanzibar, nimekaa kwenye ngazi za mawe, nikitazama filamu fupi za hali halisi kuhusu mazingira. Watu walijaa mpaka waliochelewa wakasimama ukutani. Zilionyeshwa nne, na naandika sasa hivi kwa sababu mpaka muda huu zinanizunguka kichwani.

Ya kwanza ilihusu taka za plastiki ufukweni. Picha nzuri, muziki wa huzuni, na sikupata kipya. Kenya walipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania Bara wakafuata Juni 2019. Ningefurahi sana mtu atuonyeshe kilichotokea baada ya hapo: nani alikosa riziki, nani alianza kushona mifuko ya kitambaa, na hizi chupa za maji zinazozidi kila msimu wa watalii zinaishia wapi. Hayo hayakuguswa.

Ya pili ilikuwa ya uvuvi wa baruti upande wa Tanga. Hii ilinishika. Mlipuko wenyewe haukuonekana, ulisikika tu kutoka chini ya maji, na watu wote pale tukashtuka. Kisha kamera ikateremka taratibu hadi kwenye mwamba: matumbawe yamevunjikavunjika kama vigae, samaki wadogo wasiofika urefu wa kidole wametapakaa katikati yake. Mvuvi huokota wale wanaoelea. Wengine huzama na kuozea huko huko, na mazalia ya samaki ndiyo yamekwisha. Sheria ilikataza uvuvi huu tangu mwaka 1970. Msimulizi akamaliza kwa kusema ni ujinga wa wavuvi. Siamini kabisa. Kijana anayerusha baruti anaujua mwamba kuliko sisi tuliokuwa pale, na anajua anachokiua. Anapata pesa mkononi siku ile ile, na kuna mtu pale sokoni anayemnunua yule samaki bila kuuliza. Huyo mnunuzi hatukumwona.

Ya tatu ilitupeleka Gazi, kule Kwale nchini Kenya, kwenye mradi wa Mikoko Pamoja. Hapo moyo wangu ulifunguka. Tangu 2013 wanakijiji wanaitunza mikoko yao na kuuza, kwa wanaotaka kufidia uchafuzi wao, hati za hewa ukaa inayohifadhiwa kwenye ile misitu na matope yake, na fedha zimeleta maji ya bomba na kusaidia shule. Filamu ilikaa na watu wakati wanajadiliana fedha zitumike wapi, bila kuwakata kauli. Nilimwona bibi mmoja anapanda mche matopeni, anaushindilia kwa kisigino, anasogea hatua, anashindilia tena. Unaelewa mara moja kwa nini anafanya vile, na kwa nini jirani yake hatathubutu kuukata ule mkoko kwa panga.

Kisha ikaja ya mwani. Ilipigwa Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, na mimi ni mtu wa upande huo. Shangazi yangu analima mwani Bwejuu tangu ujana wake, karibu na pale kilimo hiki kilipoanza rasmi Unguja mwaka 1989. Kwa hiyo nilitazama kwa macho ya mtu wa nyumbani. Vigingi viko sawa, kamba ziko sawa. Vidole vya yule mama aliyekuwa akifunga mche kwenye kamba kwa kile kijiuzi kifupi vilionyeshwa kwa karibu sana, nikaona ngozi ilivyochubuka kwa chumvi. Vile ndivyo vidole vya shangazi.

Walieleza vizuri tatizo la joto. Kuna aina mbili za mwani zilizoletwa, spinosamu na kotonii, na kotonii ndiyo yenye bei nzuri. Ndiyo pia dhaifu. Maji yakipwa mchana wa jua kali, yale yaliyobaki kwenye kina kifupi yanachemka kiasi kwamba bua la mwani linageuka jeupe, linalegea, linakatika. Sehemu nyingi za Unguja kotonii imekuwa haishiki tena, wakulima wamebaki na spinosamu. Dk. Flower Msuya, ambaye ameutafiti mwani wetu kwa miaka mingi, amehimiza kupanda kwenye maji ya kina kwa kutumia nyavu za mrija, yaani nyavu ndefu kama bomba ambazo mwani hukua ndani yake, na filamu iliwaonyesha wanawake wakijaribu hivyo. Lakini huko kunataka chombo, na kunataka kujua kuogelea, jambo ambalo wengi wa mama zetu hawakufundishwa.

Kilichoniuma ni sauti. Wale mama walikuwa wanazungumza, midomo yao inakwenda, na juu yao ikapandishwa sauti ya msimulizi kwa Kiingereza. Nilijikaza kusikia walichosema chini yake, nikaambulia maneno mawili matatu. Wao ndio wenye habari!

Asubuhi nilimpigia shangazi nikamsimulia. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Walisema kilo tunauza bei gani?"

Nikamwambia hawakusema.

"Na vipimo je? Ile mizani ya mnunuzi?"

Hawakusema pia. Tangu hapo nimekuwa nikizipitia zile filamu zote nne kwa swali lake. Mwani wetu unasafirishwa nje, unatolewa kitu cha kugandishia kinachotiwa kwenye dawa za meno na aiskrimu, na mama anayesimama majini saa nzima hapangi bei hata senti moja. Ukiniambia bahari imepata joto bila kuniambia hilo, sitaelewa kwa nini mtu anaacha kamba zake na kwenda kufagia hotelini, wala kwa nini kijana wa Tanga anashika baruti. Gazi peke yao ndio waliotaja fedha waziwazi, na ndiyo filamu niliyoielewa hadi mwisho.

Shangazi anataka kuiona ile ya mwani. Nimeamua kuwaandikia waandaaji leo hii waipeleke Bwejuu na Paje kabla haijaenda kwingine, sauti ya Kiingereza ikiwa imeondolewa. Uwanja wa skuli upo, ukuta mweupe upo. Na aliyeipiga aje mwenyewe, maana shangazi ameshaanza kuwaambia wenzake waandae maswali kuhusu mizani.