VAT kwenye kazi za ujenzi, jinsi nilivyotoka kwenye ile hesabu

Nina kampuni ndogo ya ujenzi Dodoma, mwaka jana mauzo yakavuka milioni 200 ikabidi nisajiliwe VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani. Kazi ya kwanza baada ya hapo ilikuwa uzio na kibanda cha mlinzi, mkataba milioni 59, na mimi VAT sikuitaja popote. Namwendea mteja aniongezee asilimia 18 akanicheka, bei ni ile ile bana.

Nikapiga 59 mara 18% nikapata milioni 10.62, usingizi ukakata. Dada mmoja mhasibu ndo akanifungua macho, kama mkataba hausemi kitu bei inahesabika VAT iko ndani, kwahiyo unagawanya kwa 1.18, kazi inakuwa milioni 50 na kodi ni 9. Hapo tu nimeokoa 1.62.

Akaniambia mwaga risiti zote mezani. Nondo na saruji za milioni 23.6 zilikuwa na risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) yenye TIN yangu, yaani namba ya mlipakodi, na VRN yangu, namba ya usajili wa VAT, hizo zina VAT milioni 3.6 ndani, nikaikata kwenye ile 9, nikabaki kulipa 5.4. Mchanga na kokoto za wenye malori hamna kitu, hawajasajiliwa, na vibarua ndo kabisaa.

Siku hizi kwenye kotesheni naandika bei kabla ya VAT, chini yake 18% mstari wake peke yake, na dukani sitoki mpaka nisome VRN kwenye risiti. Ritani, ile taarifa ya VAT ya kila mwezi, napeleka kabla ya tarehe 20.