Jumamosi zetu kando ya Mto Mississippi
Nilikuwa mgeni Minneapolis, Marekani, daraja la barabara kuu ya I-35W lilipoporomoka jioni ya tarehe 1 Agosti 2007 na kuua watu 13, na kwa muda mrefu baadaye moyo ulinidunda kila nilipovuka maji. Kilichonituliza ni maelezo ya Jumamosi, ambapo wajenzi wa daraja jipya walisimama nasi juu ya daraja jirani la 10th Avenue, kazi yote ikionekana mbele yetu, wakatueleza hatua iliyofikiwa na inayofuata. Yeyote aliruhusiwa kuuliza. Mzee mmoja kando yangu aliuliza, sauti ikimtetemeka, kama na hili litaanguka. Mhandisi hakumharakisha, bali alimwonyesha kwa kidole nguzo moja baada ya nyingine, akamweleza kuhusu vitambuzi vitakavyowekwa ndani ya zege ili kufuatilia hali ya daraja. Ule ndio uungwana ninaoutamani katika kila mradi wa umma. Daraja lilipofunguliwa tarehe 18 Septemba 2008, takriban miezi mitatu kabla ya muda uliopangwa, nililivuka bila hofu, dirisha la gari likiwa wazi.