Msimu wa bibi

Juzi binti yangu, kalala kifudifudi sebuleni na kitabu chake cha jiografia, kaniuliza: "Mama, hili neno earth si ndilo ardhi yetu, limetoka kwetu?" Nilikuwa nakamulia ndimu kwenye mchuzi. Mkono ukasimama.

Mwaka 1998, Maskati, Omani. Kabla ya masomo yenyewe ilibidi tupite mwaka mzima wa Kiingereza. Kila Jumamosi tulipewa maneno arobaini, mazito, ya vitabuni, na Jumatano tukijaribiwa. Wenzangu walihangaika na p, maana Kiarabu hakina. Mimi p nilikuwa nayo tangu utotoni, kwenye papai na pilipili za bibi.

Mimi nilihangaika kwingine. Shule nilisoma kwa Kiarabu, na jicho lililozoea Kiarabu hukamata konsonanti, irabu likajijazia lenyewe. Basi adapt, adept na adopt kwangu yalikuwa neno moja. Tena Kiarabu kina mzizi: ukizijua k, t na b, umeshapata kitabu, katibu, maktaba, hata mkataba. Kiingereza kikaniletea book, secretary, library, contract. Maneno manne, hayajuani hata kwa salamu. Nilikariri usiku, asubuhi yametoka yote.

Usiku mmoja nilikuwa jikoni kwa bibi. Yeye kakaa kwenye busati, kanyoosha mguu mmoja, anachagua mchele kwenye ungo aliokuja nao kutoka Unguja miaka ya 1970, Waomani wa nje walipoitwa kurudi kwao. Kidole chake cha shahada kilisogeza punje, kikatoa kijiwe, kikakiweka ukingoni. Mimi nasoma kwa sauti. Nikafika kwenye monsoon. Nikalirudia mara tatu.

Kidole kikasimama.

"Hilo si msimu?"

Nikamwambia, bibi, hiki ni Kiingereza. Hakunijibu. Akaanza kunihadithia Malindi ya Unguja, ya utoto wake: kaskazi inavuma, majahazi ya Sur, bandari ya Omani, yanaingia na tende na papa mkavu, mji mzima unanuka, kusi ikishika yanarudi na boriti. "Sisi tukiita msimu. Mzungu kalichukua bandarini."

Nikafungua kamusi, ile nene, mwisho wa maelezo kule ambako sikuwahi kusoma. Ilikuwa imeandikwa: kutoka Kireno, na Wareno walilitoa kwenye mawsim ya Kiarabu. Nikamsomea. Akaitikia kwa kichwa kidogo, akarudi kwenye mchele wake.

Sikulala. Nilipekua mpaka alfajiri. Tariff nikaikuta na taarifa, tumbo moja. Magazine imetoka makhzan, ghala, nayo hazina yetu ni ya mzizi huohuo. Admiral ni amiri. Safari waliichukua kwetu waziwazi. Nililia, sijui kwa nini hasa. Labda kwa sababu miezi yote ile nilikuwa najiona mgeni mlangoni, kumbe ndani mna vyombo vya nyumbani kwetu.

Tangu siku hiyo maneno yalianza kukaa. Hata yasiyo na nasaba, kama reluctant, niliyatafutia jirani. Mtihani nilifaulu, hayo ni marefu.

Ila wiki ile ile nilisimama darasani nikasema, kwa furaha yangu yote, kwamba earth ni ardhi. Mwalimu alinijibu kwa upole: zimefanana tu, earth ndugu yake ni Erde ya Kijerumani. Nilikaa. Nilihisi kama nimenyang'anywa kitu mkononi. Jioni nikamweleza bibi, naye akaniuliza, "Huyo mwalimu, ardhi anakanyaga ipi?" Hakutania. Mpaka anaondoka duniani hakukubali.

Mwalimu alikuwa sahihi, nimelihakikisha mara nyingi. Lakini nafikiri kama bibi asingekuwa na yakini ile, yakini ya kusikia neno la kigeni akalitambua kama mtoto wa jirani, mimi kamusi ile nisingeifungua mwishoni. Sasa mtoto ananitazama, anangoja ndiyo au siyo, na siyo ndiyo jibu.

Nikazima jiko, nikafuta mikono, nikakaa naye chini. Ardhi nikaiacha kwanza. Nilianza na msimu.