Mfuniko mpya wa rejeta ulikuwa unamwaga maji, kumbe ni mfupi

Nilinunua mfuniko wa rejeta wa kopi kwa gari langu la zamani, unang'aa balaa na unafunga vizuri tu, lakini kila nikipanda mlima maji yote yanatokea kwa mpira wa ovafloo (ule wa kutolea maji yaliyozidi). Nikaishuku gasketi bure, kumbe ni urefu! Injini ikiwa baridi nikapima shingo toka mdomoni mpaka pale raba ya mfuniko inapokalia, karibu milimita 25, halafu mfuniko unashuka 19 tu, yaani raba inaelea hewani. Nikatafuta mrefu, ila wa paundi 7 (presha unayoizuia mfuniko) kama ule orijino, sio 15, maana rejeta kuukuu inaweza kupasuka. Sasa hivi raba inaacha alama ya duara kamili na hata tone halitoki.